Maradhi Yaeneapo, Nani Atamlea Mtoto?

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mtoto na maradhi ya kuenea. Kwa maradhi ya kuenea tuna maana ya yale yasiyokaa katika kijiji kimoja wala katika nchi moja, bali huvuka bahari na mipaka, yakazunguka dunia nzima. Habari za vidudu viletavyo maradhi hayo zimekwisha kuelezwa mara nyingi na waganga wa hospitali, wenye elimu yake. Sisi ni walimu, na watu tunaowaona kila siku ni watoto. Kwa hiyo tutaitazama nyumba yenye watoto, tuone maradhi hayo yakiingia humo huvunja nini kwanza, na ni kitu gani kilichopata kusaidia.

Watu wengi hudhani kwamba taabu ya mtoto huanza siku ya mazishi ya mzazi wake. Sivyo. Huanza mapema zaidi, wakati mzazi angali hai, na sehemu kubwa ya taabu hiyo ya mapema yaweza kuzuiwa. Hilo ndilo neno tulilo nalo leo.

Mahali tutakapotazama ni Mgololo. Asiyepata kufika huko na aelewe hivi: Mgololo iko katika wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Ni nchi ya vilima na ukungu. Miezi ya Juni na Julai baridi yake huuma hata mtoto akaja shuleni amejifunga shuka ya mama yake mabegani. Vilima vimevikwa misindano na milingoti, na katikati ya misitu hiyo kilijengwa, katika miaka ya 1980, kiwanda kikubwa cha karatasi. Upande mwingine wa wilaya kuna mashamba ya chai tangu zamani za utawala wa Waingereza. Tena barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, na kuendelea hadi Tunduma na Zambia, yapita Mafinga na Makambako, si mbali sana na hapo. Kazi za misitu, za chai na za kiwanda huvuta watu kutoka mbali, wengi wao vijana walioacha wake zao nyumbani. Panapo kazi na njia, ndipo panapo biashara na mishahara. Na maradhi nayo hupenda kusafiri katika njia zizo hizo.

Wala si mara ya kwanza nyanda hizi kupatwa. Mwaka 1918, vita kuu vya kwanza vilipokuwa vikielekea kwisha, homa kali ya mafua ilizunguka dunia, na yakadiriwa kwamba iliua watu wasiopungua milioni 50. Katika Afrika ya Mashariki iliingia kwa njia ya bandari, kama Mombasa mwezi Septemba, kisha ikasafiri kwa reli na kwa miguu ya askari na wapagazi. Mwezi Oktoba mwaka huo jeshi la Wajerumani, likiongozwa na von Lettow-Vorbeck, lilipita Ubena likielekea Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na ugonjwa wa mapafu ulikuwamo katika safu zake. Nchi ilikuwa imekwisha kuchoka. Vijana walikuwa wametwaliwa kuwa wapagazi, na nafaka ilikuwa imechukuliwa na majeshi ya pande zote mbili.

Ajabu ya homa ile ni kwamba haikuwachagua wazee na watoto wachanga peke yao, kama yafanyavyo mafua ya kila mwaka. Iliwaua sana watu wa miaka 20 hadi 40. Basi tafakarini maana yake. Hao ndio washika jembe, ndio wenye watoto wadogo mgongoni, na homa iliwajia wakati wa kutayarisha mashamba kabla ya mvua. Nyumba ambayo baba na mama wamelala pamoja kwa juma moja haina wa kuchota maji wala wa kuwasha moto, hata kama hakuna aliyekufa. Mtoto wa miaka 2 katika nyumba hiyo aweza kufa kwa njaa na kiu, wala si kwa homa. Jambo hili tulishike, maana tutalikuta tena.

Homa ile ilipita katika miezi michache. Maradhi ya pili tutakayoyataja hayajapita hata leo, nayo ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza kujulikana Tanzania walionekana mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera, na kufika mwaka 1986 hapakuwa tena na mkoa wa bara usio na mgonjwa. Nyanda za juu za kusini zilipatwa kuliko mahali pengi. Uchunguzi wa afya uliofanywa mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa bado pamoja na Njombe, zaidi ya watu 15 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi vya ugonjwa huo. Kwa nchi nzima hesabu ilikuwa karibu watu 6 katika kila 100. Njia kuu, kambi za kazi, na waume kuishi mbali na wake zao, ni baadhi ya mambo yaliyosababisha tofauti hiyo.

Sisi tunaosema haya tulikuwa wanafunzi wa shule ya msingi katika miaka ya 1990. Twakumbuka kwamba ugonjwa haukutajwa jina. Watu walisema fulani anaumwa kifua, au amelogwa na jamaa zake kwa kuonewa kijicho, au ana homa za mara kwa mara. Tena twakumbuka madawati yalivyopata nafasi. Mwenzetu aliyekuwa akikaa pembeni yetu hakuja leo, hakuja kesho, na mwalimu alipouliza, darasa lilinyamaza, ingawa kila mmoja alijua kwamba mama yake hatoki tena nje.

Hebu tuifuate nyumba moja ya namna hiyo, isiyo ya mtu fulani bali ya wengi. Baba afanya kazi ya kukata miti, mama alima. Katika Mufindi mahindi hupandwa mvua zianzapo, mwezi Novemba na Desemba, na palizi hufuata Januari. Baba aanza kuugua mwezi Septemba. Kwanza mshahara wapungua, kwa kuwa kibarua hulipwa kwa siku aliyofanya kazi. Kisha mama agawanya siku yake sehemu mbili: asubuhi shambani, mchana kwa mgonjwa. Baada ya majuma machache mgonjwa hawezi kuachwa peke yake, na shamba la ekari mbili lalimwa ekari moja. Palizi yachelewa. Mwezi Juni, watu wengine wavunapo, ghala la nyumba hii ni nusu tupu, na hapo mgonjwa angali hai.

Vitu nyumbani navyo huondoka kwa mpango wake. Kuku hutangulia, mbuzi hufuata. Kisha huuzwa shamba la misindano ambayo haijakomaa, na mnunuzi, akijua shida ya muuzaji, hutoa bei ya fimbo, si bei ya mbao. Fedha hiyo huenda kwa nauli, kwa dawa, na mara nyingi kwa waaguzi waahidio kuondoa uchawi. Miti ile ilipandwa ili imsomeshe mtoto. Imekwisha liwa kabla mtoto hajafika darasa la 7.

Naye mtoto, tena hasa binti mkubwa, ndiye anayejaza pengo. Hatuwezi kusema wazazi wake ni wabaya. Mama amwambia, "Leo baki nyumbani, mwanangu, umtazame baba yako mpaka nirudi," na kesho amwambia vivyo hivyo. Katika kitabu cha mahudhurio sisi huandika alama ya kutokuwapo, wala kitabu hakina nafasi ya kuandika sababu. Mtoto arudipo baada ya juma moja hukuta hesabu za sehemu zimekwisha pitwa. Huona haya kuuliza. Huanza kusinzia, kwa kuwa usiku alikuwa macho akimgeuza mgonjwa. Mwalimu asiyejua humwita mvivu.

Tusidhani kwamba haya ni maono ya walimu tu. Katika mkoa wa Kagera, tuliokwisha utaja, wataalamu walizifuata nyumba zaidi ya 900 tangu 1991 hadi 1994, wakaandika hali ya kila mtu: nani mgonjwa, nani amekufa, mtoto gani anasoma na kwa saa ngapi. Waliona kwamba saa za masomo za watoto zilipungua katika ile miezi iliyotangulia kifo cha mtu mzima nyumbani, na baada ya kifo mara nyingi zilirudi. Yaani mtoto aliikosa shule alipokuwa akiuguza, kuliko alipokuwa akiomboleza. Na wadogo waliofiwa na mama walichelewa kuanzishwa shule.

Mwaka 2004 wataalamu walirudi Kagera, wakawatafuta watoto wale wale, ambao sasa walikuwa watu wazima. Walipima kimo chao na kuwauliza darasa waliloishia. Waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walikuwa wafupi kwa kadiri ya sentimita 2, na walikuwa wamesoma pungufu ya mwaka mmoja, wakilinganishwa na jinsi ambavyo wangalikuwa kama mama angaliishi. Sentimita 2 ni upana wa kidole gumba. Mtu aweza kucheka akasema, hiyo ni nini? Lakini kimo cha mtu hujengwa na chakula cha utoto, na chakula cha utoto ni jicho la mama liangaliapo nani hakushiba. Upungufu huo ulibaki mwilini mwao miaka mingi baada ya msiba kusahauliwa na majirani.

Baada ya mazishi ndipo jamaa hukaa kikao. Kwa desturi za Wahehe na Wabena, kama kwa makabila mengi, mtoto si wa mtu mmoja. Ana baba wakubwa na wadogo, ana shangazi na wajomba, tena ana bibi. Mkono mmoja haulei mwana. Desturi hiyo imewaokoa watoto wengi kuliko serikali au shirika lolote, na twaisema kwa heshima. Lakini desturi hiyo ilifanywa kwa ajili ya nyumba moja yenye msiba katikati ya nyumba kumi zilizo nzima. UKIMWI uliingia katika nyumba ya baba na ya baba mdogo pia. Hapo mzigo wote ulimwangukia bibi. Tumewaona akina bibi wa miaka 70 walioanza tena kubeba mgongoni, wakiwa na wajukuu watano au sita. Bibi hana nguvu za kulima ekari mbili. Humlea mtoto kwa upendo mwingi na ugali mdogo. Naye aweza kufariki mtoto angali darasa la 4, mtoto akafiwa mara ya pili.

Mara nyingine jamaa huwagawanya watoto: huyu kwa shangazi Makambako, yule kwa mjomba Mbeya, mdogo abaki na bibi. Hufanya hivyo ili mzigo usimlemee mmoja. Hatuwalaumu, ila twaomba wafikiri. Ndugu waliofiwa pamoja ndio walio na kumbukumbu moja, na ukiwatenganisha umewaondolea wazazi mara nyingine. Ikiwa hapana budi, wawili wawili ni afadhali kuliko mmoja mmoja. Kuhusu vituo vya kulelea yatima, vipo katika Mufindi na kwingineko, na baadhi hufanya kazi njema. Lakini hakuna nchi iwezayo kujenga mabweni ya kuwatosha watoto wote hao, wala mtoto hakui vizuri bwenini akiwa ana bibi aliye hai umbali wa kilima kimoja. Fedha ilishayo mtoto mmoja kituoni ingalimtosha bibi huyo kununua mbolea, sare na sabuni kwa watatu.

Sasa tufike kwenye jambo lililobadili habari hii. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali za Tanzania, na baadaye zikafika hata katika vituo vya afya na zahanati nyingi. Dawa hizi haziviondoi virusi mwilini, bali huvizuia visizidi, hata mtu akarudiwa na nguvu zake. Twalikumbuka badiliko hilo kama wakulima wakumbukavyo mwaka wa mvua njema. Mzazi aliyekuwa akibebwa kwa baiskeli kupelekwa hospitali alionekana tena shambani. Mama aliyekuwa amekwisha kuaga alikuja shuleni kuuliza kwa nini binti yake ameshindwa hesabu. Akatukemea, nasi tulifurahi kukemewa.

Hapo ndipo tulipojifunza kwamba msaada mkubwa kwa yatima ni kumzuia asiwe yatima. Dawa anayomeza mama kila siku ni shamba lililolimwa na darasa lililohudhuriwa, nayo ni kimo cha mtoto kisichopungua. Ndiyo maana twasema kwamba mzazi apimapo afya yake mapema hafanyi hivyo kwa ajili yake tu. Akijua kabla hajaugua, akaanza dawa angali ana nguvu, ile miezi ya mauguzi tuliyoieleza haitokei kabisa.

Wengine huuliza: ikiwa dawa ni njema hivyo, mbona hesabu ya wenye virusi haijashuka sana? Uchunguzi wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba katika Iringa na katika Njombe, ambayo ilifanywa mkoa wake wenyewe mwaka 2012, watu wazima 11 hivi katika kila 100 walikuwa na virusi. Jibu ni rahisi. Zamani mwenye virusi aliondoka katika hesabu kwa sababu alikufa. Sasa yu hai, ahesabiwa, na ajilelea watoto wake. Hesabu isiyoshuka upesi yaweza kuwa na habari njema ndani yake, ingawa maambukizo mapya yangalipo, na ni lazima yapigwe vita.

Tena kuna mtoto aliye tumboni. Mama mwenye virusi asiyetumia dawa aweza kumwambukiza mwanawe wakati wa mimba, wa kuzaa au wa kunyonyesha. Katika watoto 100 wa akina mama hao, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akitumia dawa sawasawa, huambukizwa chini ya 5. Na mtoto aliyezaliwa na virusi asipotibiwa yuko katika hatari kubwa: nusu ya watoto wa namna hiyo hufa kabla ya kutimiza miaka 2. Kwa hiyo kliniki ya wajawazito si ya wanawake peke yao. Mume amsindikizaye mkewe, wakapimwa pamoja, humwondolea mkewe hofu ya kurudi nyumbani na habari ambayo hajui atapokewaje nayo. Tumesikia wanaume wakisema kwamba kukaa kwenye benchi la wajawazito ni aibu. Twaona kwamba benchi hilo ni fupi kuliko benchi la msibani.

Dawa hizi hazioti shambani. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama yake katika Afrika imelipwa kwa msaada wa nje, hasa mpango wa Marekani ulioanzishwa mwaka 2003, pamoja na mfuko wa dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje ili kuichunguza upya, na watu katika nchi nyingi walishikwa na hofu, wakiwamo wahudumu wa afya waliolipwa kwa fedha hiyo. Tumelitaja ili mwanakijiji ajue kwamba mazungumzo ya bajeti kule Dodoma si maneno ya wakubwa tu. Kila shilingi ya nchi yenyewe iwekwayo katika dawa ni siku moja zaidi ya mama kuwa jikoni kwake.

Maradhi ya tatu yalikuja kwa namna nyingine. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020, na siku ya pili yake shule zikaanza kufungwa. Tofauti na homa ya 1918 na UKIMWI, ugonjwa huu uliwaua zaidi wazee. Sasa unganisheni jambo hilo na yale tuliyokwisha kusema. Katika nyumba ambayo UKIMWI umewachukua baba na mama, mzee ndiye mlezi. Maradhi yamchukuapo bibi huyo, yamechukua nguzo ya mwisho ya nyumba, hata kama katika kitabu cha hospitali aandikwa tu kuwa mtu wa miaka 74 aliyefariki kwa shida ya kupumua.

Madhara mengine hayakuhitaji mgonjwa nyumbani. Shule za Tanzania zilifungwa kwa kadiri ya miezi mitatu: kidato cha 6 na vyuo vilirudi Juni 1, na wengine wote Juni 29, 2020. Masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, jambo jema, nasi tunaosema nanyi kwa njia hii hatuwezi kulidharau. Lakini redio haiwezi kumwona mtoto asiyeelewa, na nyumba isiyo na betri haina shule. Majirani zetu walikaa muda mrefu zaidi. Kenya ilifungua madarasa yote mwezi Januari 2021. Uganda haikuyafungua yote mpaka Januari 10, 2022, karibu miaka 2, na hakuna nchi iliyofunga kwa muda mrefu kuliko hiyo. Huko wasichana wengi walirudi shuleni na mimba, au hawakurudi, na wavulana walikuwa wamekwisha zoea fedha ya vibarua. Mtoto aliyeonja mshahara, hata mdogo, ni vigumu kumrudisha kwenye daftari. Hapa kwetu vibarua vya misitu na mashamba humwita mvulana wa miaka 14 hata pasipo maradhi.

Kwa wasichana waliopata mimba, hapo zamani mlango wa shule ulikuwa umefungwa. Mwezi Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba waweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Twawasihi wazazi walitumie neno hilo. Tumekutana na wazazi ambao bado hawajui, au wajua lakini waona haya.

Tumebakiwa na mambo ambayo nyumba yenyewe yaweza kuyafanya, bila kungoja mgeni.

Katika Uganda, miaka ya 1990, akina mama wenye virusi waliokuwa katika chama chao walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Mama alichukua daftari, akaandika jina la babu na bibi, mahali ukoo ulikotoka, siku mtoto alipozaliwa na mvua iliyokuwa ikinyesha, chakula alichokipenda, na nani atamlea mama akiondoka. Alimsomea mtoto mwenyewe, wakiwa wamekaa pamoja. Walioanza wakidhani wanaandika habari za kufa waliona kwamba wamepata njia ya kuzungumza na watoto wao juu ya ugonjwa. Jambo hili lahitaji daftari la kurasa 40 na kalamu. Mzazi asiyejua kuandika aweza kumwita mwalimu au mwanafunzi mkubwa aandike.

Pamoja na daftari hilo kuwe na karatasi nyingine mbili. Ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, maana asiyekuwa nacho hushindwa kuthibitisha kwamba ni mwana wa marehemu. Ya pili ni maandishi ya shamba. Siku hizi, kwa kuwa mbao zina soko, shamba la misindano la yatima lina watu wengi walipendalo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mtu kumnyima mtoto haki yake katika mali ya mzazi wake. Lakini sheria haijui mpaka wa shamba uko kwenye mti gani. Mzazi na atembee mpakani na mtoto wake mkubwa, na jirani, na mjumbe wa serikali ya kijiji, wote wauone, kisha iandikwe. Na mwenye nguvu bado, aongeze miche. Msindano hukomaa kwa miaka 15 hadi 25, nao ni umri ule ule wa mtoto kutoka mgongoni mpaka kujitegemea. Mti hauulizi kama aliyeupanda yu hai.

Jambo la mwisho ni gumu kuliko yote: kumwambia mtoto ukweli. Watoto wengi waliozaliwa na virusi wangali hai leo kwa sababu ya dawa, nao wamo madarasani mwetu. Wengine humeza vidonge kila jioni wakiambiwa ni vya kifua au vya tumbo. Mtoto mdogo hukubali. Lakini afikapo miaka 12 au 13, akajisikia mzima, huona hana sababu ya kuendelea, huvitupa, na virusi huzoea dawa. Au hulijua jina la ugonjwa wake kwa kusoma maandishi ya chupa, akiwa peke yake, naye huwakasirikia waliomficha. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtoto mwenye umri wa kwenda shule aambiwe hali yake, na aliye mdogo zaidi aambiwe kidogo kidogo, kadiri ya akili yake. Waweza kuanza kwa kusema kwamba ndani ya damu yake wamo askari wamlindao, na dawa yawapa nguvu. Jina la ugonjwa lafuata baadaye, anapouliza. Mlezi asiyejua aanzie wapi, na hasa bibi aogopaye kulia mbele ya mjukuu, aweza kuwaomba wahudumu wa kliniki anakochukulia dawa wamsaidie. Baadhi ya kliniki hutenga siku ya watoto na vijana peke yao, na hapo mtoto huwakuta wenzake wa rika lake, wamekaa foleni na madaftari yao ya shule, wakingoja kuitwa majina.